Kapeti Inauzwa, Maelewano Yapo

Kapeti yangu ya manyoya ina miaka mingi chuoni kuliko baadhi ya wahadhiri wangu. Ukiigeuza utaona namba za vyumba ilivyopitia, zimeandikwa nyuma kwa kalamu ya wino mzito: C4, 11, 7B, "nyuma ya posho mill", na nyingine iliyofutika ikabaki herufi K peke yake. Niliinunua Septemba kwa shilingi 800 kutoka kwa dada mmoja aliyemaliza mwaka wa nne na kuhama na kila kitu isipokuwa hicho. Aliniambia ni ya kijivu. Nilipoifua mara ya kwanza nikajua ni nyeupe. Nilipoifua mara ya pili nikajua sikupaswa kuifua.

Kabla sijaendelea, nijieleze. Mimi ni mzaliwa wa Likoni, Mombasa. Nimekua nikijua kwamba nyumba hupambwa kwa hewa: dirisha wazi, mkeka chini, pazia linapepea, basi. KUCCPS ilipogawa nafasi za vyuo, iliona mimi na bahari tumekaa pamoja vya kutosha, ikanipeleka zaidi ya kilomita 700 hadi Kaunti ya Kericho, mahali palipoinuka kama mita 2,000 juu ya bahari ile ile niliyoiacha. Chuo changu sikitaji, kwa sababu bado sijapewa cheti. Niseme tu kwamba ukitoka mjini Kericho kwa probox, umepakatwa na mtu usiyemjua naye amepakata kuku, unapita chai, halafu chai, halafu kanisa, halafu chai, ndipo unafika.

Mama alinifungia mzigo wa bibi harusi. Mkeka wa ukindu. Chetezo cha udongo na udi wa kutosha kufukiza msikiti. Na upande mmoja wa kanga mpya aliyoinunua Mtaa wa Biashara, nyekundu na nyeupe, yenye maneno WEMA HAUOZI. "Hii utundike dirishani," akaniambia, "watu wajue umetoka kwa watu." Upande wa pili wa doti ile akabaki nao mwenyewe, ili tuwe tunafanana.

Chumba nilichopata kilikuwa futi kumi kwa kumi, kwenye ploti ya vyumba vinane vilivyopangwa kama mabehewa ya treni. Juu mabati bila dari, chini saruji, na ukuta uliopakwa kama zinavyopakwa kuta zote za kupangisha katika Kenya hii: rangi ya mafuta ya damu ya mzee hadi kiunoni, kisha rangi ya maji ya krimu mpaka juu. Dirisha moja, linatazama chai.

Mama mwenye ploti nilimwamkia kwa adabu zote za kwetu. "Shikamoo, Mama." Akanitazama kidogo, akasema, "Chamgei." Nami nikamjibu, "Chamgei." Baadaye nikaambiwa nilipaswa kusema "chamgei mising", na yeye naye sina hakika kama mpaka leo anajua marahaba ni nini. Kwa hiyo tulisalimiana vizuri, ila hakuna aliyeitikiwa. Akaniuliza natoka wapi, nikasema Mombasa, na tangu siku ile jina nililopewa na wazazi halikutumika tena plotini. Niliitwa Mombasa.

Siku hiyo hiyo nilipiga msumari ili nitundike kioo. Ukaingia vizuri, ukatoka na kipande cha plasta cha ukubwa wa chapati. Nikapiga wa pili pembeni yake. Chapati ya pili. Wa tatu niliupiga juu ya kitanda, ukashika, tena ukashika kweli kweli, mpaka leo sijui umeshika nini huko ndani. Msumari huo uukumbuke, tutaurudia.

Sasa niseme habari ya ukungu. Kwetu pwani ni neno tunalolisikia zaidi kwenye taarabu kuliko dirishani. Huku nimefundishwa kwamba lina maana mbili na maana zote mbili hupanga chumba kimoja. Asubuhi kuna ukungu unaotambaa juu ya majani ya chai, mweupe, mtulivu, watu wanasimamisha magari kuupiga picha. Jioni unamkuta ndugu yake nyuma ya kabati, wa kijani na madoa meusi, na huyo hapigwi picha na mtu. Kericho hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kama mara mbili ya Mombasa, na nyingi huja kwa saa maalumu kama mwajiriwa wa serikali ya zamani: hewa yenye unyevu inapanda kutoka Ziwa Victoria, inakutana na upepo wa mashariki huku juu milimani, na kati ya saa nane na saa kumi mchana inamwagika. Nguo unaanika saa mbili asubuhi. Ukichelewa kuamka, umelowa.

Jirani yangu wa chumba cha pili, mzaliwa wa Sotik anayesoma kemia, alinipa habari nyingine iliyoninyima usingizi. Nilikuwa napikia stovu ya mafuta ya taa, mlango nimefunga kwa sababu ya baridi. Akaniambia kila lita ya mafuta ya taa inayoungua hutoa mvuke ambao ukipoa unatoa zaidi ya lita nzima ya maji. "Unapika ugali," akasema, "na unanyeshea ukuta." Nilipiga hesabu ya mafuta niliyonunua tangu nihamie, nikatazama kapeti, nikanyamaza.

Kufikia wiki ya tatu kapeti ilikuwa inanuka mbwa aliyenyeshewa. Mtu wa pwani akisikia harufu mbaya ndani, dawa yake haulizi. Nikaomba makaa kwa jirani, nikayatia kwenye chetezo, nikaweka udi, na ili moshi uingie vizuri manyoyani nikafunga dirisha, nikafunga mlango, nikaziba chini kwa taulo. Mwenyewe nikatoka nikaenda dukani kununua mkate, nimetulia, kama mtu aliyewacha nyumba na mlinzi.

Nilichosahau ni kwamba baina ya ukuta na mabati kuna nafasi ya viganja viwili. Moshi wa udi ulitoka pale kwa wingi na kwa heshima, ukajikunja juu ya paa la ploti nzima. Mama mwenye ploti alikuwa chini kwenye chai yake pamoja na wachumaji wawili. Ninaporudi na mkate wangu nawaona wanapanda mbio, vikapu mgongoni, majani mawili mawili na machipukizi yao yanamwagika njiani, Mama mbele na ndoo. Alifika mlangoni kabla yangu. Mlango ule haukuwa na haja ya ufunguo; aliusukuma kwa bega, akaiona ile nyekundu ya makaa gizani, akaimwagia ndoo nzima.

Chetezo kilipasuka vipande viwili. Maji yakaenda yalikoenda: kapeti, mkeka, na daftari la takwimu. Wingu la mvuke, majivu na udi likasimama katikati ya chumba, na katikati ya wingu amesimama Mama, ananusa.

"Mombasa, unachoma nini?"

"Udi, Mama."

"Ya nini?"

"Chumba kinukie."

Akafikiri. "Na kama ungelala na hiyo makaa umefunga hivi? Asubuhi tungekutoa hapa kwa blanketi."

Hapo hakuwa anatania wala hakukosea. Makaa yakiungua katika chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na huku kwenye baridi hadithi za watu waliolala na jiko wasiamke si za kubuni. Nikaomba radhi. Mmoja wa wachumaji akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa. Uso wa Mama nao ukalegea. "Hata sisi tunafukiza," akasema, "lakini tunafukiza kibuyu. Hatufukizi kapeti."

Akainama kuokota mkeka uliolowa, akaupapasa ukingo wake kwa kidole gumba. "Hii ni sosiot," akasema. Nikadhani anataja soko la Sosiot. Kumbe sosiot ni mkindu, mti ule ule. Kwetu bibi anachana makuti yake, anayatia rangi, anayasuka, analalia. Kwao shina la kuti hutengenezwa kifimbo cha kusugulia ndani ya kibuyu cha maziwa. Tulikaa pale kwenye maji, mimi nikimweleza anavyosuka bibi, yeye akinionyesha kwa mkono wanavyosugua, mpaka tukasahau kwamba amenivunjia chetezo. Au labda ni mimi tu niliyesahau. Yeye hakuwa na habari.

Kesho yake akaniletea sotet. Hicho ndicho kibuyu chenyewe: shingo ndefu, tumbo jembamba, kifuniko cha ngozi kilichokaza, shanga za buluu na nyeupe zimezunguka shingoni. Sijawahi kupewa kitu kizuri namna ile na mtu niliyemtia hofu ya moto. Akanieleza kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kikipsigis, na mimi nikaitikia kila neno, nikijifanya nimeelewa. Neno nililolishika vizuri ni "weka". Basi nikaweka. Nilikitundika kwenye ule msumari wangu hodari juu ya kitanda, nikarudi nyuma hatua mbili, nikakitazama, nikaona kwa mara ya kwanza chumba kimependeza. Nikapiga picha nikatuma Likoni.

Mama akajibu: "Kizuri. Kina nini ndani?"

"Mapambo tu," nikamwandikia.

Alichokuwa amesema Mama mwenye ploti, kama ningeuliza, ni hiki: weka siku tano bila kutikisa, halafu unywe. Ndani mlikuwa na mursik. Kibuyu husuguliwa kwa masizi ya mti wa senetwet, hutiwa maziwa yaliyochemshwa yakapoa, hufunikwa, na maziwa hujifanyia kazi yake polepole gizani, yakiganda na kutoa hewa. Baada ya siku tano ni kinywaji. Baada ya siku kumi na saba juu ya kitanda cha mtu wa Mombasa, ni silaha.

Ilikuwa usiku baada ya mchana wa jua kali, jua la nadra ambalo lilikuwa limeyapasha mabati yote. Kama saa saba nikasikia pa! Kifuniko kiligonga bati, kikarudi kikanigonga goti. Nikafikiri ni jiwe, nikafikiri ni mwizi, kisha nikahisi baridi usoni. Nilipowasha taa ukuta ulikuwa unalia machozi ya kijivu. Wanariadha wa huku wakirudi na dhahabu hupokewa uwanja wa ndege kwa kibuyu hicho hicho. Mimi nilipokewa kitandani.

Jirani yangu wa Sotik alikuja na tochi. Hakuniuliza kama nimeumia. Alitazama ukuta, akatazama sakafu, akatazama kibuyu, akasema kwa sauti ya mtu aliye matangani, "Umemwaga mursik?" Kisha akachukua kikombe changu, akakinga yaliyobaki shingoni, akanywa amesimama. "Na ilikuwa imeiva," akasema, akaenda kulala.

Doa lililobaki lilifanana na Ziwa Victoria, pamoja na Ghuba ya Winam upande wa kulia. Sabuni haikuliweza. Nikaomba kalenda katika duka la dawa za mifugo, nikalifunika. Ng'ombe wa Friesian, mwaka mzima kwenye karatasi moja. Hilo ndilo pambo pekee chumbani mwangu lililopata sifa kwa kila mgeni.

Bonasi ya chai ilichelewesha kodi yangu kugunduliwa kwamba haijalipwa. Wakulima wadogo wanaouza kupitia KTDA hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo walizopeleka, halafu mwaka wa hesabu ukifungwa wanapata malipo ya pili, hiyo bonasi, kama mwezi wa Oktoba. Bonasi ikitoka, eneo lote hubadilika rangi. Ng'ombe wananunuliwa, mabati yanabadilishwa, harusi zinatangazwa, na wenye ploti wanaita mafundi wa rangi. Mama naye akamleta fundi mwezi ule, mimi niko darasani. Fundi huyo alikuwa mtu mwaminifu sana: hakugusa mali ya mtu. Alipaka rangi kuzunguka kioo, akapaka kuzunguka kibuyu, ambacho wakati ule kilikuwa bado hakijalipuka, akapaka kuzunguka shati lililokuwa kwenye hanga. Shati lilipotoka, likabaki shati jingine ukutani, la krimu kuukuu, mikono miwili na kola.

Kufunika shati hilo ndiko kulikoniletea matofali ya sponji. Unayajua: vipande vyeupe vya kunata vilivyochongwa mfano wa matofali, unabandika, chumba kinakuwa kama mkahawa wa Nairobi. Mkopo wa HELB ulikuwa umeingia na mimi nilikuwa bado sijawa na akili. Nikanunua vipande ishirini na vinne mjini Kericho, nikabandika ukuta mmoja. Siku nne nilikaa Nairobi. Usiku wa tano, gundi ikakutana na ukuta wa mvua mbili za mchana, na kipande cha kwanza kikaanguka. Cha pili kikaanguka saa moja baadaye. Havikuanguka pamoja ili jambo liishe. Viliachana kama abiria wanaoshuka kila kituo, na kila kimoja kiling'oka na rangi mpya ya bonasi mgongoni. Wiki nzima nililala kama mtu anayesubiri simu.

Desemba tulifunga chuo nikaenda nyumbani wiki nne. Chumba nilikifunga kwa kufuli, dirisha komeo, ukungu nao ndani. Niliporudi Januari na kufungua, sikuingia mara moja. Kulikuwa na utulivu wa kitu kinachoishi. Viatu vya ngozi vilikuwa vimeota nywele. Mkeka wa bibi ulikuwa na duara za kijani zilizopangwa vizuri kuliko zile alizosuka mwenyewe. Na kanga dirishani ilikuwa na madoa meusi upande wa chini, yaliyoanza kwenye pindo yakapanda hadi kwenye maandishi. Yaliacha neno WEMA. Yakala herufi mbili za mwanzo za neno la pili. Kwa hiyo mtu aliyepita nje ya ploti ile Januari alisoma dirishani kwangu: WEMA UOZI.

Sikujua kama nicheke. Nilimpigia mama picha, kosa la pili la picha katika mwaka mmoja. Simu ililia kabla sijaweka chini.

"Umeifanyaje kanga yangu?"

"Sikuifanya kitu, mama. Nimeifungia tu."

"Kanga hufungiwa? Ni kuku?"

Nikamweleza habari ya unyevu, Ziwa Victoria, upepo wa mashariki na mafuta ya taa. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia upande wake uko kabatini Likoni, haujaoza, na kwamba wema wa mtu hutegemea anauweka wapi. Nikaona heri nisimjibu.

Habari ya taa za rangi nitaipitia haraka maana inanitia aibu. Zile za kubandika ukingoni, zenye rimoti. Nilizinunua Januari hiyo hiyo ili kuleta uhai baada ya msiba wa kanga. Nikaweka nyekundu. Usiku wa pili mlango ukabishwa, nikafungua, mzee mmoja mwenye koti refu na gamubuti akaniangalia, akachungulia ndani, akaniuliza kama kuna ya baridi au ni ya moto tu. Nikamwambia hapa ni nyumbani kwa mtu. Akaomba msamaha, akaketi kizingitini apumzike, akanihadithia maisha yake hadi saa nne. Nikabadilisha ikawa buluu. Wakaja wawili.

Februari nikaenda Bomet kutembelea rafiki yangu wa kutoka Kwale, naye katupwa huko huko kwenye chai, amepanga chumba upande wa Silibwet. Nilitaka kuona mwenzangu anavyopambana. Yeye alikuwa ameamua kurudi kwa wazee: ukuta mzima magazeti, kama nyumba za zamani, amebandika kwa uji mzito wa unga wa ngano. Nilivutiwa. Unalala unasoma. Juu ya mto kulikuwa na uchaguzi wa 2017, ulio kichwa chini, kwa hiyo ili ujue nani alikuwa akiongoza ilibidi ulale miguu ukutani. Shida yake ni kwamba uji ni uji. Panya walianzia pembeni, wakala matangazo ya vifo, wakala hotuba za wanasiasa, na nilipofika walikuwa wamekaribia ukurasa wa michezo. Rafiki yangu alikuwa amekata tamaa kiasi cha kuniambia asingehuzunika sana, timu yake ilikuwa imefungwa.

Niliporudi nikaamua kuacha ukuta na kushughulikia mwanga. Ukungu haupendi mwanga. Hilo nililisoma mahali. Nikamwomba Mama ruhusa nitoe bati moja niweke lile la plastiki linalopitisha jua. Akatazama juu, akanitazama mimi, akasema neno moja: "Mawe." Nikamwambia nitalipa mwenyewe. Akasema sawa.

Mawe aliyoyataja ni mvua ya mawe, na nyanda hizi za Kericho na Nandi zinajulikana duniani kwa kuipata mara nyingi. Makampuni ya chai yalihangaika nayo hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 ndege zikarushwa kunyunyizia mawingu dawa, ili mawe yasikomae. Jirani yangu wa kemia ananiambia mwaka 1982 mtafiti Russell Schnell na mwenzake waliandika katika jarida la Tellus kwamba mabaki ya majani ya chai ya Kenya yana chembe zinazosaidia maji kuganda kuwa barafu. Maana yake, vumbi la majani yale yale ninayokunywa saa moja asubuhi huenda likapanda mbinguni na kunirudia saa tisa limevaa barafu.

Kwa siku kumi na moja chumba changu kilikuwa na jua. Nilihamisha kapeti ikae chini ya mwanga, kama mgonjwa. Kweli ilianza kukauka. Nilianza hata kuwaalika watu. Siku ya kumi na mbili, mwezi wa Machi, nilikuwa maktaba. Mabati ya maktaba yalianza kupiga makofi, kwanza mtu mmoja, halafu ukumbi mzima, mpaka msimamizi akawa anasogeza midomo bila sauti. Watu wa huku waliendelea kusoma. Mimi nilikuwa nimesimama tayari.

Plastiki ile haikupasuka, hilo ningelivumilia. Ilitobolewa kama chujio. Mawe ya ukubwa wa karanga na mengine ya ukubwa wa gololi yalikuwa yamelala manyoyani, meupe juu ya meupe, yakiyeyuka taratibu, na kwa dakika kama kumi, nakuapia, kapeti ile ilipendeza kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Ilikataa kukauka wiki mbili. Mwishowe, asubuhi moja yenye jua, nikaitoa nje, na kwa kuwa kamba zote zilikuwa na nguo za watu, nikaitandika juu ya chai. Ilikaa vizuri, chai imekatwa sawa kama meza. Nilikuwa sijafika mlangoni niliposikia jina la mji wetu likiitwa kutoka bondeni.

"Mombasa! Toa huyo mbwa kwa chai yangu!"

Jani la chai, alinifundisha huku tunaibeba wawili, linavuta harufu ya kila kitu kilicho karibu nalo. Ndiyo sababu haliwekwi karibu na sabuni wala vitunguu. "Nipeleke majani kwa mizani," akasema, "karani anuse, aniulize ni nini, nimwambie ni kapeti ya mwanafunzi?" Tuliitundika kwenye ua wa msipresi. Mama akaigeuza, akaona zile namba, akasoma kwa sauti, akafika kwenye ile herufi K iliyofutika. Akacheka mpaka akashika ua. Kapeti hiyo ilishawahi kukaa plotini kwake, chumba cha mwisho, na ni yeye aliyemwamuru mwenyewe aiondoe.

Sasa ni Mei, mitihani imebaki miwili, nami nahama. Vitu vilivyopo ni hivi. Matofali ya sponji, vipande kumi na kimoja kati ya ishirini na vinne, bure kwa atakayekuja na gundi yake. Taa za rangi na rimoti, shilingi 300, usiweke nyekundu wala buluu. Kioo kizima. Kalenda inabaki ukutani na sababu zake. Kibuyu siuzi, nimekiosha, nakwenda nacho Likoni, na safari hii nimeuliza maelezo mara mbili. Kanga amesema mama nirudi nayo aione kwa macho yake.

Kapeti ni shilingi 500, maelewano yapo. Namba ya chumba changu nimeshaiandika nyuma, chini ya ile K. Ule msumari wa juu ya kitanda usiung'oe, tafadhali, tumeshakubaliana na Mama kwamba huenda ndio unaoshikilia ukuta. Na ukija kuichukua njoo kabla ya saa nane, njoo na gunia la plastiki.